Mifupa ya Kuhama Nayo

Jembe la Mathayo liligonga kitu kigumu. Mama yake, Anastazia, akamwambia aliweke kando, aendelee kwa mikono.

Walikuwa na siku moja tu. Kesho yake lori la Operesheni lingekuja kuwahamishia kijiji kipya cha Ujamaa, na nyumba za zamani zingebomolewa. Majirani walihangaika na mbuzi na vihenge vya mtama. Anastazia alihangaika na kaburi. "Siwezi kumwacha hapa," alisema, basi.

Alute, baba mdogo wa Mathayo, alikuja mara mbili kuwazuia. Alidai marehemu aliuawa na ndui, na ugonjwa ule hukaa kwenye mifupa. Ni yeye aliyezika miaka kumi na moja iliyopita, peke yake, alfajiri, majirani wakiwa wamekatazwa kusogea. Mathayo alikuwa na miaka minne. Hakuukumbuka hata uso wa baba yake.

"Shemeji, tuhame kwa amani," Alute alisema.

 Anastazia alipokea mfupa mmoja mmoja, akaufuta udongo, akaupanga juu ya shuka. Fuvu alilishika muda mrefu. "Utusamehe," alinong'ona. Mathayo alidhani anaomba radhi kwa kumsumbua marehemu. Yeye mwenyewe hakusikia uchungu, alisikia hofu tu, na jambo hilo lilimtia haya.

Mchana walifunga mzigo, wakaondoka. Alute aliwafuata mpaka njia panda, kisha akaketi chini vumbini kama mtu aliyeishiwa nguvu. Anastazia hakushika njia ya kijiji kipya. Alishika ya Mgori. Mathayo alimuuliza wanakwenda wapi, mama yake akakaza mwendo.

Walisimama kwa Magdalena, mwanamke ambaye kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa akimngoja mumewe, Gasto, aliyekwenda mnadani na ng'ombe wawili asirudi. Kila msafiri aliyepita Mgori aliulizwa habari zake.

Magdalena alitoka akijifuta unga mikononi. Anastazia alipiga magoti, akauweka mzigo miguuni pake.

"Usimngoje tena Gasto, dada. Nimemleta."

Mathayo aliutazama mzigo. "Mama, kwani baba yuko wapi?"

"Yuko hai, anaishi Manyoni," Anastazia alisema bila kugeuka. "Ndiye aliyemuua Gasto."