Mshubiri wa Kobe

Kanga na Kobe walikuwa majirani, na bustani zao zilipakana. Kanga alipanda mchicha, akaumwagilia asubuhi na jioni, na watoto wake hawakulala njaa. Kobe alipanda mshubiri, wala hakuupa hata tone la maji.

"Jirani, huna huruma," Kanga alimwambia. "Mmea wenyewe mchungu, hauliwi, na bado unaunyima maji!"

"Mchicha ni wa kila siku, mama," Kobe alijibu. "Huu ni wa siku ya kuungua. Nao haupendi maji."

Kanga aliona huo ni uvivu tu.

Kiangazi kilipoingia, Kobe alifiwa na dada yake ng'ambo ya mto, ikambidi aende akakae matanga. "Niangalizie mshubiri wangu," alimwomba Kanga. Kanga aliuonea huruma mmea ule. Kila alipomwagilia mchicha wake, aliumwagia na mshubiri maji tele.

Siku Kobe aliporudi, alimkuta Kanga ndani ya bustani yake, anahangaika. Mwanawe alikuwa amekanyaga majivu ya moto, miguu imebabuka. Kanga alikuwa ameukimbilia mshubiri, lakini kila jani aliloshika lilikuwa limeoza, linanuka.

"Nilikuomba uniangalizie," Kobe alisema kwa upole. "Majani yalipoanza kuwa manjano, hukuyaona?"

"Niliyaona."

"Ukafanyaje?"

Kifaranga alilia tena. Kanga aliinamisha kichwa.

"Niliongeza maji."