Kupe wa Kwedilisu

Mguu wa kumi na tatu ulipoachia, ule wa kwanza ulikuwa umeshaganda tena.

Kaleb akakirudisha chuma cha kulehemu kwenye mkaa, akajifuta jasho. Tangu asubuhi alikuwa ameinamia redio ya kijiji, mezani kwa mwenyekiti, akipigana na kitu kisichofika ukubwa wa ukucha. Kilikuwa cheusi, bapa, na herufi za kigeni mgongoni, kimelala kifudifudi juu ya bamba la saketi, na miguu yake kumi na minne imeshikwa kwa risasi, ile ya kulehemu. Transista za miguu mitatu Kaleb alizing'oa huku akipiga soga. Dude la namna hii hakuwahi kuliona Korogwe nzima.

"Ndicho kinachomaliza betri?" aliuliza mwenyekiti, Mzee Mbaruku.

"Ndicho, mzee. Huyu ni kupe. Ameng'ang'ania hapa, kazi yake kunyonya tu."

Neno hilo, mwaka ule wa 1975, halikuwa la kutamkwa ovyo. Kupe, yaani mnyonyaji wa jasho la wengine, aliimbwa mikutanoni, alichorwa ukutani mwa shule akiwa na kitambi na kofia. Watu wote wa kijiji cha ujamaa cha Kwedilisu walimlaani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona. Mzee Mbaruku akasimama, akavaa viatu.

"Mwantumu! Njoo na daftari! Kupe amepatikana!"

Mwantumu alikuwa katibu wa kijiji. Alikuwa amerudi juzijuzi kutoka semina, na alipenda kuandika vizuri. Kaleb hakumjali, alikuwa na lake moyoni. Hiyo ilikuwa Jumanne, na Jumamosi alikuwa anamwoa Rosina, kwao Vugiri. Harusi ilikwisha kuahirishwa mara mbili kwa sababu ya redio za watu, na baba mkwe aliapa kwamba ikiahirishwa tena, binti yake ataolewa na mwalimu wa shule. Naye mwenyekiti alikwisha kusema fundi haondoki kijijini mpaka redio iongee.

Basi Kaleb akaacha ubahili. Badala ya kuifuta ile risasi, akaiongeza, akaimwaga pande zote mbili mpaka miguu yote ikazama katika dimbwi moja. Akapasha upande huu, akapasha upande ule, wembe umechomekwa chini ya tumbo la kupe. Dimbwi likang'aa. Kupe akateleza, akaruka, akatumbukia kwenye chai ya mwenyekiti.

Wakamwopoa kwa kijiko, wakamtia ndani ya kiberiti kitupu. Kaleb akafunga transista mbili kuukuu mahali pake, redio ikakohoa, kisha ikaimba. Siku hiyohiyo taarifa ya Mwantumu ikapanda lori la mahindi kwenda kwa wakubwa:

"Kupe aliyekuwa akikinyonya kijiji tangu Januari amegunduliwa. Alikuwa amejificha mahali pa siri, akitumia jina la kigeni. Ametolewa kwa moto na risasi nyingi."

Kesho yake, Kaleb akiwa anafunga mkoba wake, akaingia mgambo mmoja aitwaye Hiza, na baiskeli, kamba na barua.

"Shikamoo, mzee. Nimemfuata kupe. Nimeambiwa nimpeleke akiwa amefungwa."

Mzee Mbaruku akampa kiberiti. Hiza akakifungua, akachungulia, akakifunga.

"Mzee wangu, usinitanie. Nikirudi bila kupe, nitawekwa ndani mimi." Macho yake yakazunguka chumbani mpaka yakamfikia Kaleb. "Na huyu ni nani? Hana sura ya hapa."

"Fundi wa Vugiri," alisema Mzee Mbaruku kwa furaha. "Jana kutwa nzima walikuwa pamoja, yeye na kupe."

Hiza akaliandika hilo. Kaleb akaukumbatia mkoba wake. Akilini alimwona Rosina, na lile gauni aliloazimwa na dada yake, akitoka kanisani ameshikana mkono na mwalimu. Alitaka kulia.

"Barua inasema kupe," Mwantumu akaingilia. "Wapi imesema mtu?"

Hiza akaisoma upya, kidole kikifuata mstari. Alikuwa mtu wa kuheshimu maandishi. Mwishowe, kwenye nafasi ya jina la mtuhumiwa, akanakili herufi na namba zilizopigwa mgongoni mwa kupe. Akakizungushia kiberiti kamba yote aliyokuja nayo, akakipakia nyuma ya baiskeli, akaondoka huku akigeukageuka kuhakikisha kwamba mtu wake hajatoroka.

Kaleb alicheka peke yake kutoka Kwedilisu mpaka Korogwe, watu njiani wakimpisha. Jumamosi akaoa. Kwenye karamu alikisimulia kisa hicho mara tatu, kila mara akikiongezea chumvi. Rosina alicheka mpaka shela ikamvuka, na hata baba mkwe, ambaye tangu asubuhi alikuwa amenuna, akaonyesha meno.

Mara ya nne alikuwa amefika kwenye chai ya mwenyekiti, Hiza akatokea, ameloa jasho la mlima, akikokota baiskeli. Wakampokea kwa vigelegele. Akapewa sahani ya wali, akala. Akaongezwa, akala.

"Haya, afande," Kaleb akamwambia kwa sauti ya kusikika na wote, "rafiki yangu hajambo?"

Wageni wakaangua kicheko. Hiza akanawa mikono kwanza, akajipangusa, akatoa barua mpya mfukoni.

"Alhamisi hakusema neno," alisema. "Jana jioni amekiri yote. Na amekutaja wewe."