Fundo la Kanga

Tarehe tatu Juni, asubuhi ya manyunyu na baridi, Bi Somoe aliketi mbele ya Dokta Msabaha, aliyekuwa akimjaribia dawa mpya ya baridi yabisi. Bi Somoe alipogusa fundo la kanga yake, Dokta alinyoosha mkono amfungulie, kama alivyozoea kumfungulia marehemu mama yake, ambaye dawa haikumwahi.

“Acha, mwanangu. Unataka kuniibia peremende?”

Wauguzi waliokuwapo walicheka, kisha wakasogea kutazama. Vidole vya Bi Somoe vilivyokuwa vimekakamaa kwa ugonjwa vilishika pindo, vikalegeza, vikafungua.

“Ee Mungu,” alinong’ona Dokta.

Bi Somoe alimwekea peremende kiganjani. “Na wagonjwa wenzangu wanaosubiri dawa huko nje?”

Dokta alisimama, machozi yakimlenga. “Mbele yenu nyote naahidi: sitapumzika mpaka kila mmoja afungue fundo lake mwenyewe.”