Pete ya Chini Mlangoni

Mlango wetu hapa Tunisi una pete tatu za kubishia: ya wanaume, ya wanawake, na ndogo ya chini, ya watoto. Hiyo ndogo ilipolia, ta-ta, ta, niliujua mkono. Emna, mjukuu wangu anayechunguza virusi maabarani, ana miaka thelathini na bado huinama kubisha kitoto.

Nilikwisha kushika komeo.

"Bibi, usifungue! Nimepimwa, nimeambukizwa. Dawa zako naziacha kizingitini."

"Sasa umebishia nini, mtundu wewe?"

Akacheka, akakohoa. "Mazoea. Hata kirusi hufanya hivi hivi. Kina vijikono juu ya ngozi. Kikifika kwenye seli ya mwili, kinashika pete yake na kubisha kama mtu wa nyumbani. Seli yenyewe inafungua, inakivuta ndani."

"Masikini! Haichungulii kwanza?"

"Wewe umechungulia, Bibi?"

Nilikuwa na mwezi mmoja tu tangu nitoke hospitali na mapafu yangu haya. Komeo lilikuwa la baridi, limelainishwa na viganja vya mama mkwe wangu, kisha vyangu. Nikaliachia, kidole kimoja kimoja.

Nikavuta kigoda, nikaketi, nikauegemea mlango. Kisha nikagonga ubao kwa kifundo cha kidole, chini kabisa, usawa wa pete ndogo: ta-ta, ta.

Halafu nikamsikia naye anaketi huko nje.