Kisikizi cha Ukutani

Mjini Gaya, India, kila nyumba yenye mtahiniwa wa kazi za serikali ilifungwa ukutani kisikizi, kifaa cha kunasa mazungumzo. Mazungumzo ya maarifa ya jumla yalimwongezea mtahiniwa alama. Soga za kawaida zilimpunguzia.

Jioni moja Ragini, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani huo, alirudi kutoka maktaba akamkuta mama yake, Phulmati, akisukuma chapati kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umebabuka kwa mafuta ya moto.

"Mama! Umeungua lini?"

Phulmati aliuonyesha ukuta kwa kidevu. "Mto Godavari unaanzia wapi?" akauliza kwa upole.

"Mbona hukuniita?"

"Trimbak," mama akajijibu, machozi yakimlengalenga.

Ragini alipandwa na hasira. Mtihani gani huu unaotaka ajue chanzo cha kila mto, asijue kwamba mama yake ameungua? Akaking'oa kisikizi pamoja na waya zake, akakivurumisha uani.

"Sasa sema, mama. Hakuna anayetusikiliza. Inauma sana?"

Phulmati alifungua kinywa, akamtazama bintiye kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta neno alilolizoea zamani.

"Mlima mrefu kuliko yote India," akasema hatimaye, "ni upi?"