Upepo wa Kwanza

Pepeo la kumpepea Malkia lilitengenezwa kwa manyoya ya mabawa ya Nurati mwenyewe. Ndivyo kasri lile jeusi lilivyowapokea malaika waliotupwa kutoka mbinguni: liliwakata mabawa, kisha likawapa kazi.

Asubuhi hiyo Badawi, aliyepewa uwaziri jana yake tu, alimvuta Nurati nyuma ya pazia, akanyunyiza unga wa sumu katikati ya manyoya.

"Mpepee kama kawaida," alinong'ona. "Akivuta pumzi moja tu, kiti ni changu, nawe nitakurudishia mabawa yako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa vizuri sana, mheshimiwa."

Baraza lilipojaa, Nurati alipita katikati ya watu bila haraka, pepeo kifuani. Badawi alikuwa amejitenga, yuko kando ya dirisha. Nurati hakwenda kwa Malkia. Alimfuata waziri hukohuko dirishani, akapiga goti mbele yake.

"Unafanya nini wewe?" Badawi alifoka kwa sauti ya chini.

"Desturi, mheshimiwa. Upepo wa kwanza ni wa waziri, ili Malkia ajue kuwa ni salama. Kwani hukuambiwa?"

"Kweli kabisa," Malkia alisema, akijiegemeza kitini. "Mpepee."

Badawi alifumba mdomo, akabana pumzi, macho yamemtoka. Nurati aliinua pepeo taratibu. Na mgongoni mwake, pale palipokatwa, kitu laini kikaanza kuchomoza.