Kuku Chini ya Karavani

Nilipoleta uji asubuhi, kuku wangu alikuwa amelala kando ya gurudumu la karavani, mabawa wazi. Hakuwa na jeraha. Nilimwinua, shingo ikaning'inia.

Jenereta ilikuwa bado inanguruma. Wachimba visima walimwachia mume wangu hiyo karavani, nyumba yao ya magurudumu, aichunge hapa Mutomo. Jana jioni, mvua ilipokuja baada ya kiangazi chote kile, aliisukuma jenereta chini ya karavani isilowe, akafunga madirisha yote.

"Mama, leo nalala na baba kwa stima!" Mutindi alisema, akirukaruka kwa matope.

"Sawa. Lakini mwambie baba afunge mlango kwa ndani. Kuna fisi."

Sasa niliinama kuangalia. Moshi haukuwa unatoka nje. Ulikuwa unapanda polepole, ukiingia kwa lile tundu la waya kwenye sakafu.

Uji ulinimwagikia miguuni, sikusikia moto.

"Mutindi! Baba Mutindi!"

Taa ilikuwa inawaka dirishani. Nilishika mlango kwa mikono miwili, nikavuta.

Ulikuwa umefungwa vizuri, kama nilivyosema.